Matope Kwenye Sakafu ya Gavana

Wiki ya kwanza baada ya kuapishwa, Gavana Alden Lockridge alikuwa mezani akipaka siagi kwenye mkate wa mahindi, mkewe alipoingia na kusema kuna mtu anayetembea ndani ya nyumba na miguu ya matope. Bi Lavinia alikuwa amezifuata nyayo mwenyewe, kutoka mlango wa jikoni, kupitia ukumbi mkubwa, hadi kwenye zulia la chumba cha wageni. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, na tope lake lilikuwa lile jeusi la bondeni, linalonata kama ulimbo. Mjini kwetu tope la namna hiyo halipo. Sisi tuko kilimani, udongo wetu ni mwekundu.

"Mwambie Ezell," alisema Gavana, akamega kipande kingine.

Ezell Broadnax ndiye aliyeuoka mkate ule. Alikuwa mpishi wa nyumba ya gavana na alikuwa mfungwa, sawa na mtunza bustani, mwosha vyombo na dereva wa gari la farasi. Ndiyo desturi ya jimbo letu tangu zamani: gavana hatumikiwi na watu huru. Wala hachukuliwi mfungwa yeyote tu. Huchaguliwa waliohukumiwa kwa kuua, maana wakubwa wetu waliamini kwamba mwizi ataiba tena, na vijiko vya fedha viko mezani, lakini aliyeua mtu wake mmoja huwa ameshamaliza. Ezell alihukumiwa kwa ajili ya msimamizi mzungu aliyenaswa na mashine ya kuchambua pamba. Wengi waliona jinsi mashine ilivyomvuta kwa mkono wa koti. Ezell ndiye aliyekuwa amesimama karibu, na karibu ilitosha.

Kulikuwa na desturi ya pili, na hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa shamba la gereza, lile tuliloliita Bend, wagombee nafasi ya kusugua masufuria ya gavana. Siku ya mwisho ya miaka minne ya utawala wake, kabla hajakabidhi funguo, gavana husimama ukumbini na kuwasamehe waliomtumikia. Haikuandikwa popote. Lakini kila mfungwa wa Bend aliijua kuliko alivyoijua Sala ya Bwana, na magavana wote, wema kwa wabaya, walikuwa wameitimiza.

Ezell alipoambiwa habari za matope alisema, "Ndiyo, Bibi," akachukua kitambaa akapiga magoti. Hakuuliza nyayo ni za nani. Tope la Bend alilijua, alikuwa amelilima kabla ya kuletwa jikoni.

Jioni, taa zikiwa ndiyo kwanza zinawashwa, alimkuta Lem Goodloe ukumbini anafagia. Lem alivaa nguo za milia, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo za suruali yake.

"Lem," alisema Ezell. "Wewe nilikuzika mimi mwenyewe."

"Nakumbuka. Ukanilaza kichwa upande wa mto. Maji yamenijaa masikioni mpaka leo."

"Upande wa pili udongo ulikuwa mgumu, ndugu yangu."

"Silaumu. Nasema tu."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Kazi," alisema Lem, akainamisha kichwa upande mmoja kumwaga maji. "Siku ya mwisho si anasamehe waliomtumikia? Na huyu ametuita kwa mdomo wake. Alisimama pale njia panda, juu ya gari la ng'ombe, akainua mkanda tuliochapwa nao, akasema kila aliyeonja mkanda huu mlango wa nyumba yangu uko wazi kwake."

"Ulimsikia wapi wewe?"

"Si nimelala karibu na barabara? Na yule bwana ana sauti."

Ni kweli alikuwa na sauti. Alden Lockridge alikuwa mtoto wa mhubiri wa milimani, na sheria alijisomea nyuma ya duka la misumari la mjomba wake. Alipokuwa mwendesha mashtaka alimfunga mkurugenzi wa reli, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwetu wala halijarudiwa. Alipogombea ugavana alizunguka jimbo zima na gari la ng'ombe, na juu ya gari hilo kulikuwa na gunia la unga na mkanda wa ngozi wenye mpini wa mbao, mpana kama kiganja, aliokuwa ameupata kutoka Bend. Alilipiga gunia mpaka likapasuka na unga ukawamwagikia waliokaa mbele. "Na huu mgongo," alipaza sauti, "ungekuwa wa mwanao?" Kina mama walilia. Sisi weusi tulisimama nyuma kabisa, penye miti, kwa kuwa kura hatukuwa nayo, ila masikio tulikuwa nayo.

Aliahidi kwamba wafungwa hawatakodishwa tena kwa wenye mashamba na wenye misitu. Aliahidi kwamba mkanda utapigwa marufuku. Tena aliahidi kukomesha biashara ya misamaha, maana gavana aliyemtangulia aliwasamehe wote waliokuwa na cha kumpa, na mwishoni akamsamehe hata kinyozi wake. Rehema, alisema Lockridge, isiwe fadhila ya mkubwa kwa anayemjua. Kutakuwa na Bodi ya Rehema, na kila mfungwa atapita mbele yake kwa zamu. Watu walipiga makofi, nasi kule kwenye miti tukapiga.

Siku chache baadaye Gavana mwenyewe alimkuta Lem kwenye chumba chake cha kazi, anapangusa rafu za vitabu. Aliona maji yaliyotuama chini ya miguu yake. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa.

"Wewe ni wa Bend," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilikuwa."

"Ni mkanda?"

"Mkanda na homa, Mheshimiwa. Lakini homa ilikuja mwisho, ilikuta kazi imeshafanyika."

Gavana alifunga mlango, akavuta kiti, akamwambia Lem akae. Kwetu mzungu hamwambii mtu mweusi akae, awe hai au awe vyovyote vile, na Lem alisimulia jambo hilo jikoni kwa muda mrefu. Walizungumza mpaka chakula cha jioni kikapoa. Juma lililofuata Gavana alisimama mbele ya Bunge la jimbo na kutoa hotuba ambayo wazee wetu wanaikumbuka hadi leo, na wote walishangaa amejuaje jinsi mtu anavyosikia pigo kwenye meno kabla ya kulisikia mgongoni. Sheria ilipita. Ukodishaji wa wafungwa ukakoma, mkanda ukapigwa marufuku. Ule wa kwenye gari la ng'ombe ulitundikwa ukutani katika chumba chake cha kazi, nyuma ya kioo, na Lem ndiye aliyekuwa akikisugua kioo hicho.

Habari zikafika Bend, juu na chini ya ardhi. Jioni baada ya jioni walianza kupanda kilima. Walikuja kwa njia ya nyuma, kama inavyotakiwa, wakajifutia miguu kwenye majani ingawa haikusaidia kitu. Mmoja alichukua kazi ya kung'arisha vitasa vya milango. Mwingine alikaa kwenye ngazi akipepea, majira yote, hata kwenye baridi. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini hawa walifika tayari wameshika ufagio. Hawakula, hawakulala, walinuka mto kidogo. Bi Lavinia alilalamika juu ya mazulia, akaagiza yakunjwe, na baada ya hapo hakuwa na la kusema, kwa sababu nyumba haikuwahi kuwa safi namna ile. Wageni waliokuja kwa chakula waliwapa kofia zao na kuwaambia asante. Alfajiri walikuwa hawapo, na sakafu ilikuwa na unyevu.

Ezell hakuwachukia. Wengi wao aliwajua. Lakini moyo wake haukutulia, na nitasema wazi kwa nini: nyumba ya gavana haihitaji watumishi wengi kiasi kile, na Ezell alikuwa na mke.

Odessa alikuwa amehama kutoka wilaya yao ya pamba na kupanga chumba kwenye mtaa wetu, chini ya kilima, akifua nguo za watu, ili kila Jumapili baada ya ibada aweze kusimama kwenye mlango wa jikoni na kumwona mumewe. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Alikuwa akimshonea suti ya kutokea, ya kitambaa cha buluu alichonunua kipande kwa kipande, na mara kwa mara alimpima kwa kamba.

"Simama wima. Mbona umenenepa hivi?"

"Chakula cha Gavana, mke wangu."

"Na mimi nakula nini? Mapovu ya sabuni? Pindo naliacha pana. Ukiendelea hivi, siku ya mwisho tutakutoa humu kwa toroli."

"Toroli ipo. Lem ataisukuma."

"Lem asinichafulie suti," alisema Odessa. Lem alikuwa anapita na ndoo, kwa kuwa kulikuwa na mawingu na siku za mawingu walikuja mapema. "Habari za Jumapili, Lem. Mama yako ameshahamia kaskazini, umesikia?"

"Nimesikia, dada Odessa. Salama?"

"Salama. Anakulilia bado."

"Mwambie aache. Niko kwenye kazi nzuri."

Odessa alimtazama akienda, kisha akamvuta Ezell kwa kamba iliyokuwa bado kiunoni mwake. "Hawa wote wanasubiri siku hiyo hiyo?"

"Wote."

"Sasa huyo bwana ana misamaha mingapi?"

"Haipungui kama unga, Odessa. Akitaka anatoa."

"Akitaka," alisema Odessa, akaikunja kamba.

Sisemi Lockridge alikuwa mtu mbaya. Kusema hivyo ni kukosa shukrani. Watoto wetu, waliokuwa wakisoma miezi mitatu tu kwa mwaka kisha wakarudishwa kwenye pamba, walianza kusoma miezi sita. Maziwa yalikaguliwa. Reli ililazimishwa kushusha nauli. Barabara ilijengwa mpaka milimani kwao, na milima ikampenda zaidi. Magazeti ya kaskazini yalileta wapiga picha, wakampiga picha amesimama kando ya mkanda, na kwenye kioo, ukiangalia sana, unaweza kuona sura ya Lem nyuma ya mpiga picha, ameshika kitambaa.

Msimu wa pamba wa mwaka wa tatu, Gavana alirudi jioni kutoka kufungua daraja, akakuta ukumbini mtu asiyemfahamu anafuta vumbi la saa. Wa zamani alikuwa amewazoea sura. Huyu tope lake lilikuwa bichi zaidi.

"Unaitwa nani?"

"Otha Spivey, Mheshimiwa."

"Umekuja na wale wa zamani?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi nimefika juzi. Tulikuwa tunavuna pamba, nami nikabaki nyuma ya wenzangu."

Gavana alivua glovu zake taratibu. "Mkanda umepigwa marufuku," alisema. "Nimetia sahihi mwenyewe."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Walitusomea. Mkanda hawaugusi kabisa." Otha alifikiri, akitafuta namna ya kulisema kwa adabu. "Wanatumia hatamu za nyumbu."

Lem aliacha kufagia. Aliyekuwa akipepea kwenye ngazi aliacha kupepea. Maji yalikuwa yakidondoka hapa na pale. Gavana alitazama miguu ya Otha, kisha akaingia chumba chake cha kazi. Ezell alipompelekea kahawa alimkuta amegeuza kiti, mgongo kwa ule mkanda.

Mkuu wa Bend aliitwa akaja. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha, na alimletea Bi Lavinia paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Ezell alikuwa akiwahudumia mezani, kwa hiyo alisikia. Mkuu alisema hajui lolote kuhusu hatamu, ila ataulizia. Alisema pia kwamba tangu wafungwa waache kukodishwa na kuanza kulimia jimbo, Bend imetoa pamba nyingi kuliko shamba lolote bondeni. Ile miezi ya ziada ya shule, Mheshimiwa anajua inatoka wapi. Kama Mheshimiwa anataka watu wavune polepole, watavuna polepole, na walimu watarudi nyumbani polepole.

"Hakuna haja ya kulisema hivyo," alisema Gavana.

"Nimelisema tu, Mheshimiwa, kwa kuwa uchaguzi wa Seneti uko njiani."

Gavana aliomba chumvi. Walizungumza juu ya mvua. Ezell alirudi jikoni akamkuta Otha amesimama kando ya jiko, maana wageni wa karibuni walikuwa bado wanahisi baridi.

"Amesemaje?" aliuliza Otha.

"Ameomba chumvi," alisema Ezell.

Baada ya hapo walikuja wapya kila msimu, na Gavana hakuwauliza tena majina. Aliwapita ukumbini akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepita mbele ya watu waliokaa msibani. Ikawa anachelewa kurudi nyumbani jioni.

Siku ya mwisho iliangukia Januari, siku ya baridi na mawingu mazito, kiasi kwamba walianza kufika mchana. Walijipanga ukumbini, ukuta kwa ukuta, wakapanda ngazi, wakajaa baraza la juu. Walikuwa wamejaribu kujikamua nguo. Ezell alisimama wa kwanza, karibu na mlango wa chumba cha kazi, kama Lem alivyomwelekeza. "Wewe ndiye unayempikia," Lem alisema. "Sisi tunafagia tu." Nje, kwenye geti la nyuma, Odessa alikuwa na suti ya buluu mkononi, imefunikwa kwa shuka jeupe isishike unyevu. Nasi tulikuwepo, mtaa mzima, na mtu alikuwa amebeba keki.

Gavana alitoka akiwa amevaa koti lake la safari. Bi Lavinia alikuwa tayari garini. Hakukuwa na karatasi wala katibu, maana hawa hakuna mahali walipoandikwa tena. Kwa hiyo alimwendea mmoja mmoja, na kila mmoja akataja jina lake mwenyewe, na Gavana akalirudia kwa ile sauti yake, akasema, "Umesamehewa na watu wa jimbo hili. Nenda nyumbani." Hata waliokuwa kwenye baraza la juu walisikia. Lem Goodloe alitaja jina lake mara mbili. Otha Spivey alitaja la kwake akiangalia chini. Kila aliyesamehewa aliweka chini ufagio wake au kitambaa chake, akatoka kwa mlango wa mbele, na hakuna aliyemzuia.

Alianzia upande wa kushoto. Ezell alikuwa upande wa kulia, akangoja. Alipofikiwa, ukumbi ulikuwa umebaki mtupu, na Lem peke yake amesimama mlangoni akimsubiri rafiki yake.

"Ezell," alisema Gavana.

"Ezell Broadnax, Mheshimiwa," alisema Ezell, akitaja jina lake kama wenzake.

"Najua. Nisikilize, kwa sababu wewe una akili na utanielewa. Nilizunguka jimbo hili nikisema sitamsamehe mtu kwa kuwa amenipikia. Ndiyo sababu nikaunda Bodi. Sheria ya Bodi inasema kila mfungwa aliye hai atapita mbele yake kwa zamu. Wale," akaonyesha mlango, "sheria haiwagusi, wamebaki mikononi mwangu. Wewe inakugusa. Nikiivunja kwa ajili yako, nitakuwa nimefanana na yule aliyemsamehe kinyozi wake."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Tena yule msimamizi ana ndugu. Wilaya nzima ile." Gavana alivuta glovu. "Nimekuombea nafasi kwenye kikao kijacho. Subira huvuta heri, Ezell."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Ezell. "Utakunywa kahawa kabla hujaondoka?"

Gavana alisema muda hautoshi. Alimshika mkono, na macho yake yalikuwa na machozi, wala sidhani yalikuwa ya uongo. Kisha akatoka kwa mlango ule ule waliotokea wengine, akiruka madimbwi.

Lem alikuwa bado mlangoni. "Chukua msamaha wangu," alisema.

"Hauchukuliki, Lem."

"Mimi nilishakufa, nina haraka gani?"

"Nenda kwa mama yako."

"Sijui kaskazini ni mtaa gani."

"Utauliza njiani," alisema Ezell. Lem alimtazama, akainamisha kichwa kumwaga maji kwa mara ya mwisho, akashuka ngazi. Tulimwona akipita getini. Odessa alimsalimia, akaendelea kutazama mlango, mpaka taa za jikoni zilipowashwa na kivuli cha Ezell kikaonekana dirishani kinasugua sufuria. Hapo akaikunja suti. Keki hatukuikata.

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba hakuna gavana katika historia ya jimbo aliyeonyesha huruma kubwa kama ile, na kwamba, la kupendeza zaidi, hakuna raia hata mmoja aliyedhurika nayo. Milima ilimpeleka Seneti kwa kura nyingi. Huko alisema sana juu ya magereza ya nchi nzima, na watu wa mbali wakamsikiliza. Leo sanamu yake iko mbele ya Bunge letu, ameinua mkono. Mkanda nao uko makumbusho.

Gavana mpya alijichagulia wapishi wengine. Ezell alirudishwa Bend, pamoja na mtunza bustani, mwosha vyombo na dereva. Bodi ya Rehema, iliyokuwa imekaa mara moja tu, ikapanga tarehe ya kikao cha pili, kile cha Ezell, na Bunge likaifuta kabla ya tarehe hiyo ili kubana matumizi. Desturi ya kuwasamehe wapishi walio hai nayo haikurudi. Magavana walisema isingekuwa heshima kwa Lockridge. Ila ile ya waliokufa ikabaki. Gavana mpya alitangaza mapema kwamba ataidumisha, kwa kuwa ilipendwa na watu na haikuwa na ubishi.

Machi mto ulijaa. Wafungwa walipelekwa juu ya tuta kurundika magunia ya mchanga, nao mvua ikawanyeshea usiku na mchana. Tuta lilikatika pale Ezell alipokuwa. Gazeti liliandika kwamba, Mungu ashukuriwe, jimbo limepoteza nyumbu wachache tu.

Haukupita mwezi. Jioni moja ya Aprili mke wa gavana mpya aliona nyayo zinazotoka mlango wa nyuma mpaka kwenye jiko, hazikwenda kwingine. Kesho yake mezani kulikuwa na mkate wa mahindi, na gavana mpya, ambaye alikuwa mtu wa kula, alimega mara tatu, kisha akauliza kama umebaki.

Jumapili Odessa alipanda kilima. Hakuna aliyempelekea habari, alikwenda tu kama alivyozoea. Ilikuwa siku ya mawingu. Ezell alikuja mlangoni na aproni yake, maji yakimdondoka kutoka kwenye viwiko, akasimama ndani ya kizingiti, naye Odessa akasimama nje.

Odessa aliitazama miguu yake.

"Kumbe," alisema.

"Usilie, mke wangu. Sasa mambo yangu yamekaa vizuri." Alisogea karibu, na kweli uso wake ulikuwa na matumaini ambayo hatukuwahi kuyaona miaka yote ile. "Ni miaka minne tu. Sisi wa namna hii hawatukatalii."

Odessa alitoa kamba mfukoni. Aliizungusha kiunoni mwa Ezell, akaivuta, ikalowa mikononi. "Suti itakupwaya," alisema. "Niliacha pindo pana."

"Basi lipunguze," alisema Ezell, "sinenepi tena."